Wimbo Niliomfundisha Makoye

Mirongo, Mwanza. Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mvua iliacha kunyesha saa nne, lakini mto Mirongo bado unapita na takataka za mji mzima, na jua limetoka kali kana kwamba halikuwa na habari ya mvua yoyote. Nimekwenda kanisani, nimerudi, nimekula, nimejilaza dakika kumi nikaamka. Nimeshuka mpaka gatini mara mbili bila sababu na nimerudi mara mbili. Shemeji Gaspari, kaka yake mke wangu, ambaye nyumba hii ni yake, ameniuliza kama nina minyoo.

Sina minyoo. Nina jibu la kutoa.

Wizara inataka kujua kabla ya Jumanne kama narudi Peking miaka miwili mingine kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha, au nabaki nipangiwe shule huku nyumbani. Likizo yetu imekwisha. Posta inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na telegramu yenyewe haihitaji maneno mengi. Narudi, au sirudi.

Mpaka Alhamisi jibu nilikuwa nalo. Masanduku yalikwisha kufungwa kamba, Sabina amewaaga dada zake, na makoti ya baridi ya watoto, yale mazito yaliyoshonwa kwa pamba ndani, yamelala juu kabisa ili yawe karibu tukishuka kwenye ndege. Mimi ndiye niliyefunga kamba zile. Niliimba huku nazifunga.

Leo kila nikizitazama natoka nje.

Ngoja niandike kwa utaratibu, maana kichwani mambo yananipita ovyo.

Peking tumekaa miaka minne. Tulipewa vyumba viwili kwenye jengo la walimu, ghorofa ya tatu, na dirisha linalotazama uwanja ambao asubuhi wazee hunyoosha mikono polepole. Tulijifunza kuishi. Unga wao wa mahindi ni wa njano, kwa hiyo watoto wetu wanajua ugali ni wa njano, na walipoona ugali mweupe hapa Mwanza mdogo wao, Deusi, aliuliza kama umeiva. Mwanzo wa baridi Sabina alipanga foleni ya kabichi pamoja na wake wa walimu wenzangu, akapanda nazo ngazi, akazipanga barazani kama walivyopanga wenzake, na tukala kabichi mpaka miti ilipochipua tena. Dagaa wa kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, tulikula kwa kuhesabu, mmoja mmoja, Jumapili tu.

Yustina, mkubwa, ana miaka saba. Kiswahili chake kina mawimbi ya Kichina, kinapanda na kushuka mahali pasipotakiwa. Hapa akiona kiu anaomba maji ya moto. Siku ya kwanza shangazi zake walidhani ana homa, wakamfunika blanketi. Mtoto akawa anawatazama tu, jasho linamtoka, anasubiri maji yake.

Hayo ni mambo ya kucheka na tumeyacheka sana. Ninalotaka kuandika ni habari ya enanga.

Asiyeijua enanga, ni gogo lililochongwa likawa na tumbo la kina kifupi, unalilaza mapajani na kupiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukiitazama unaona nyuzi nane. Kumbe ni uzi mmoja. Unaanzia kwenye jino la kwanza lililochongwa ukingoni, unakwenda ng'ambo, unarudi, unakwenda, unarudi, mpaka umalizike. Ukikatika popote, zote nane zinalegea kwa pamoja na sauti zote zinapotea. Hii yangu ilichongwa na babu. Babu alimpa baba, na baba alinipa mimi wiki ile niliyopata barua ya kwenda Peking, akaniambia niende nayo nisije nikasahau natoka wapi. Uzi wake ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe, na baba mwenyewe ndiye aliyeukaza. Mimi sikuwahi kuugusa. Nilikuta sauti zimekaa mahali pake, nikapiga.

Na nilipiga wimbo mmoja kuliko nyimbo zote, wimbo wa Magesa. Magesa alikuwa mdogo wake babu, alizama pale kivuko cha Rugezi akivuka na mtumbwi, na hakuonekana tena. Babu aliutunga wimbo huo badala ya kaburi. Hakuna matanga ya Magesa zaidi ya wimbo. Kila ubeti unaita jina lake, na mwisho wa kila ubeti sauti inashuka, inashuka tena, inakwenda kukaa chini kabisa ambako Magesa yuko. Sisi tuliokuwa watoto tuliitikia kwa sauti ndogo, na hakuna aliyepiga makofi. Sabina naye alikuwa kwenye kundi hilo, kwao na kwetu palitenganishwa na shamba moja la mihogo.

Baridi ya mwaka wa kwanza ilikausha kila kitu chumbani. Bomba la moto lilipita chini ya dirisha, na mimi kwa ujinga wangu niliegemeza enanga hapo hapo. Asubuhi moja tulisikia mlio, na nilipofika uzi ulikuwa umelala sakafuni wote, mrefu, umekauka. Nilikaa kitandani nikashindwa kuvaa viatu. Sabina aliniletea viatu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, Lin, mtu mwema, mnene kidogo, mpenda watu, alinipeleka kwenye duka la vyombo vyao nikapata uzi wa hariri. Tukarudi nao kwangu, tukaupitisha kwenye meno, ng'ambo na kurudi. Kisha tukatazamana. Kupitisha uzi ni kazi ya mikono, lakini sauti ya kwanza ikae wapi? Na ya pili? Nilijaribu kukumbuka kwa kuimba, na kila nikiimba nilianzia mahali tofauti. Lin alikuwa na kodiani, kile kinanda cha kifuani cha kuvuta na kubana, hakitoki mabegani mwake. Akabonyeza sauti moja. Nikakaza uzi mpaka ukalingana nayo. Akabonyeza nyingine, nikakaza. Tulimaliza zote nane kabla ya chakula cha mchana.

Nilifurahi mno. Nilimkumbatia Lin na kodiani yake.

Kuanzia hapo tukawa tunapiga pamoja. Sikukuu za chuo, mapokezi ya wageni, kila Jumamosi alasiri ukumbini. Kodiani haiwezi kusogea, sauti zake imezaliwa nazo, kwa hiyo wakati wowote tusipopatana aliyesogea ni mimi. Wimbo wa Magesa ulipendwa kuliko nyimbo zote. Mwisho wa ubeti Lin aliona wimbo unaning'inia, akaongeza sauti moja ya juu ili uishe vizuri, na mimi nikamfuata. Wanafunzi wakaongeza makofi. Nikaufanya somo: maneno yake ya Kikerewe niliyatafsiri kwa Kiswahili, nikayaandika ubaoni, wakayakariri wote, darasa baada ya darasa. Niliwaambia ni wimbo wa ukoo wangu. Niliwaambia Magesa alizama. Wakaandika "zama" kwenye daftari, na kupiga makofi.

Sikusikia chochote kibaya. Hilo ndilo linalonitia wazimu leo.

Mwanafunzi wangu bora aliitwa Makoye. Jina lake la kwao ni jingine, lakini wanafunzi wote nawapa majina ya huku kwetu, na yeye alilipenda hilo akalishika mpaka kwenye bahasha. Alikuwa mrefu, mwenye haya, anayeandika kila neno jipya kiganjani. Mwaka jana alitumwa Tanzania kuwa mkalimani wa madaktari wa kwao, na mpaka sasa wako hospitali moja upande wa Musoma. Kabla ya likizo yetu aliniandikia barua. Alisema madaktari walipelekwa Nansio wiki nzima kutibu watu, na yeye akaulizia kwa Mzee Anselimi, baba wa mwalimu wake, akaelekezwa. Alimkuta amekaa nje. Akamwamkia shikamoo kama nilivyomfundisha, kwa mikono miwili. Kisha kwa heshima akamwimbia wimbo wa Magesa, wote, mpaka mwisho, mbele ya majirani. "Mwalimu," aliandika, "baba yako alilia machozi. Nilijua amekukumbuka wewe."

Barua hiyo niliisoma darasani. Niliisoma kwa Lin. Nilimsomea Sabina mara mbili, na sasa naikumbuka sura yake, alivyogeuka kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Tulipofika likizo sikuweza kumpigia baba enanga mara moja. Sanduku la mizigo lilikwama Dar likaletwa na treni wiki iliyopita tu, na enanga ilikuwa humo. Baba nilimkuta amepungua. Mwaka juzi maradhi yalimpiga upande wa kulia, na mkono ule sasa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hawezi kupiga tena. Kuimba anaimba, chini chini, kwa pumzi fupi. Na hakai tena ufukweni tulikozaliwa. Wamehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, nyumba ziko kwenye mstari na mlango wake unatazama nyumba ya balozi wa nyumba kumi. Nilimuuliza amepaonaje. Alisema shule iko karibu, zahanati iko karibu, na ziwa liko mbali. Alitaja yote matatu kwa sauti moja.

Alhamisi balozi aliita watu ofisi ya tawi waje kuniaga na kusikia habari za China. Walijaa mpaka madirishani. Wakauliza maswali mazuri: huko nao mashamba ni ya wote? Sukari yao wanapangia foleni? Ni kweli wanakula konokono? Nilijibu yote. Nikajisikia mtu mkubwa, kwa nini nifiche. Kisha balozi akasema mwalimu hawezi kuondoka bila kutupigia, na baba alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha mwenyekiti, nikailaza enanga mapajani.

Nikapiga Magesa.

Nilipiga vizuri, vidole vyangu havijawahi kuwa vyepesi vile. Vijana walishika makofi mara moja na nikawapa tabasamu nilizozoea kuwapa watu wa ukumbini. Nilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza nikapanda, nikaona shangazi Feresi anainuka na kutoka. Nikadhani ameguswa. Wazee wengine walitazama miguu yao, nikadhani nao wameguswa. Baba hakutazama miguu yake, alinitazama mimi mpaka mwisho. Ofisi ilipasuka kwa makofi na mimi nikainama kama tunavyoinama kule.

Ijumaa asubuhi baba aliniita nje. Yustina alikuwa pembeni anamwagia kuku maji. Sikutegemea maneno mengi, tangu augue anaongea kwa kuchagua, na r za Kikerewe mahali pa l zimezidi kumrudia.

"Yure kijana wa Kichina alikuja hapa akaimba," alisema. "Akaimba Magesa anacheka. Nikaria. Watu wakaniuliza, nikawaambia huyu mgeni, msimseme, ulimi wake haujakaa. Mwanangu akija atawaimbia wimbo wenyewe."

Akausogeza ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaendelea.

"Jana umeimba wewe. Nikasikia ni yure yure. Mwaka mzima kosa nirimwekea mgeni, kumbe nirikuwa namwonea."

Mtu wa miaka thelathini na saba, mwalimu, nilisimama mbele ya baba yangu natazama kuku.

Aliniuliza uzi umekazwa kwa sauti ya nani. Nikamweleza habari ya baridi, na Lin, na kodiani. Alisikiliza vizuri. Hakumlaumu Lin hata kidogo, alisema inaonekana ni mtu wa watu. Lakini akasema enanga haikazwi kwa chombo kingine. Inakazwa kwa kifua cha anayeimba. Unaimba kwanza, unatafuta pale sauti yako inapokaa bila kusukumwa, ndipo uzi unaletwa mpaka hapo. Yeye alipopewa na babu aliilegeza yote akaikaza upya, kwa sababu kifua cha babu hakikuwa chake. Alidhani najua. Hakuwahi kuniambia kwa sababu hata yeye hakuambiwa, alimwona babu anafanya. Mimi wakati wa kuona nilikuwa bweni, shuleni.

"Ile ya jana si yangu," alisema. "Si yako pia. Magesa hawezi kutujua."

Kisha akatoa neno lake la mwisho. Nikienda Peking niende kwa amani, kazi ni kazi na watoto wanasoma. Ila enanga haivuki tena. Niiache kwa Gaspari, yeye baba ataagiza mtu aifuate. Na nikibaki, nije nayo Nansio, tukae nayo wakati yeye bado anaimba chini chini hivyo hivyo.

Hakuniambia nibaki. Angeniambia ningekasirika na ingekuwa rahisi.

Jana tulirudi na meli ya asubuhi. Ziwa lilichafuka tangu tulipotoka, watoto walitapika, na mimi nilikaa na enanga mapajani imefungwa kwenye shuka. Kati ya abiria wote nilikuwa naona sura ya Makoye tu, anaimba kwa bidii, kiganja kimejaa maneno, anamtabasamia mzee anayelia. Nilimtuma kijana wa watu akamdhihaki baba yangu kwa heshima zote. Na darasani kule wamebaki wengine thelathini wanaoujua vile vile, wataletwa huku mmoja mmoja na madaktari, na wahandisi, na wajenzi, na kila atakayetaka kumfurahisha mzee wa Kikerewe ataanza kupiga makofi.

Hiyo ilikuwa sababu yangu nzuri ya kurudi. Niliitengeneza melini: narudi ili nikanyooshe nilichopinda. Ilinitosha mpaka gatini Mwanza. Kisha nikajiuliza ninyooshe kwa kutumia nini, kama enanga imebaki huku na mimi mwenyewe sijui sauti inakaa wapi.

Leo baada ya misa nikamuuliza Sabina. Alikuwa anapiga pasi nguo za safari. Nilimuuliza kama alijua.

"Tangu baridi ile," alisema, na pasi haikusimama.

Miaka minne! Kila Jumamosi alikaa kiti cha mbele ukumbini na Deusi mgongoni, anasikiliza wimbo aliokulia nao ukivunjwa, na alinipigia makofi pamoja na wengine. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, mpaka Gaspari akakumbuka ana shughuli Mabatini.

"Ulikuwa hulali, Baba Yustina. Ulikuwa huli. Siku ile mlipoikaza na Lin ulikula. Ningekwambia, ungeitia chini ya kitanda, na mimi ningebaki na nani kwenye kile chumba?"

Nikazidi kukasirika. Nikamuuliza sasa yeye anataka nini, turudi au tubaki. Sabina kule alipata marafiki. Amejifunza kushona kwa cherehani, maji ya moto yanatoka ukutani, na hakuna wifi anayehesabu vijiko vya sukari anavyotia. Najua anapakumbuka. Najua pia analia kila akisikia wimbo wa kanisani kwetu. Alisimamisha pasi kwenye kisahani chake.

"Mimi nimefunga mizigo na naweza kufungua. Ila usiniweke mimi kwenye sababu. Sababu iwe yako."

Ndipo nikaenda gatini mara ya kwanza.

Saa kumi na moja na nusu. Naendelea.

Nilipoweka kalamu chini nyumba ilikuwa kimya. Nikaitoa enanga kwenye shuka, nikafunga mlango wa chumba, nikafungua fundo la mwisho la uzi. Sikukata. Nililegeza tu, jino kwa jino, mpaka zote nane zikalala. Nikajicheka. Mtu anaogopa uzi.

Kisha nikajaribu kuimba bila kitu. Jamani, ni kazi. Sauti ilikwenda yenyewe kule juu kwa Lin, ikasimama kwenye ncha za vidole inasubiri makofi. Nikaanza tena. Nikaanza tena. Nilishuka kidogo nikajisikia mwongo, nikashuka zaidi nikakohoa. Sijui niliita Magesa mara ngapi kwenye chumba kile chenye joto. Nilikaribia kuifunga tena kwenye shuka, na naandika ukweli, nilikwisha kuinua pembe moja ya shuka.

Nikasikia kiitikio.

Sabina alikuwa sebuleni anakunja nguo. Hakuingia, hakupaza sauti, aliitikia tu kama tulivyoitikia watoto, kwa sauti ndogo, na alipofika mwisho akashuka, akashuka tena, akakaa chini. Miaka minne alikuwa amekaa na kitu hicho mdomoni. Nikamfuata. Mara ya kwanza nilimpita, mara ya tatu kifua changu kikalegea chenyewe na sauti ikakaa. Siyo ya baba, ni nzito kuliko ya baba na ina mkwaruzo. Nilikaza uzi wa kwanza ukaja mpaka pale. Wa pili ulisumbua. Nimepata tatu tu, na ya tatu siiamini.

Yustina alichungulia mlangoni akasema kwamba sasa baba unaimba vibaya. Nikamwambia ndiyo, mwanangu.

Nikalia kidogo, siyo sana.

Halafu nikachukua karatasi, nikaona kabla ya wizara kuna mtu mwingine anayenidai jibu. Nimemwandikia Makoye. Nimeandika kwa Kiswahili chepesi ili asihitaji kamusi. Nimemwambia kwamba siku ile baba yangu hakulia kwa kunikumbuka mimi. Nimemwambia wimbo ule ni wa msiba, haupigiwi makofi, na mwisho wake unashuka. Nimemwambia yeye aliimba barabara, hakukosea hata neno, aliimba alichofundishwa, na kosa lilikuwa la mwalimu. Sijawahi kumwandikia mwanafunzi sentensi hiyo.

Nikamaliza hivi: "Mzee Anselimi hana kinyongo na wewe. Ukipata ruhusa ya siku mbili, panda meli uje Nansio mwezi ujao. Utatukuta. Tutauimba upya, na wewe utasikia pa kushukia."

Niliiweka mezani ikauke wino. Sabina alikuja kuchukua kikombe, akaisoma akiwa amesimama. Aliisoma mpaka chini, akarudi juu kidogo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwezi ujao?" aliuliza.

Mwezi ujao tulitakiwa tuwe Peking. Niliutazama mstari ule kama vile umeandikwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimewaza juu ya Makoye, na ratiba ya meli, na mahali pa kumlaza mgeni kwenye nyumba ile ya mstari, na sikuwaza kabisa juu ya telegramu. Ungeniuliza dakika ile ile nilipokuwa naandika, ningekwambia sijaamua.

"Mwezi ujao," nilisema.

Alipiga magoti, akaanza kufungua kamba ya sanduku la kwanza, fundo nililolikaza mwenyewe, akalifungua kwa meno. Naogopa, nakiri. Naogopa shule watakayonipangia, naogopa Yustina kusahau nusu ya ulimi wake, naogopa baba kutungojea au kutotungojea. Naogopa nitamkosa Lin, na nitamkosa.

Sabina ameinua yale makoti ya pamba, mawili, mazito, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto. Jasho linamtiririka usoni kwa kuyashika tu.

"Na haya Ukerewe tutayafanyia nini?"

Sijui. Hilo nitalifikiria kesho, nikishatoka posta.